Kalamu za Rais Juu ya Hita

Juzi nilikuwa naangalia taarifa ya habari na wanangu, rais wa nchi jirani akawa anatia saini sheria. Akachukua kalamu, akaandika kipande cha herufi, akaiweka. Akachukua nyingine, na nyingine, kisha akawagawia waliosimama nyuma yake. Wanangu wakacheka. Mimi, rafiki yangu, nilikuwa nimesharudi Crescent Town, mtaa wetu wa wahamiaji huku ughaibuni, enzi zile nasoma shule ya msingi, nyumbani kwa jirani yetu Mkongo.

Jirani alifanya kazi kiwanda cha mikate, na starehe yake ilikuwa kukusanya kalamu kama hizo. Alizisaka Jumapili kwenye masoko ya vitu vikuukuu, kila moja na kijikaratasi kinachoeleza ilitia saini sheria gani. Sisi watoto tuliruhusiwa kuzishika tukishanawa mikono. Isipokuwa moja nyeusi, iliyotia saini sheria ya kupokea wakimbizi.

"Iyi ni ya muke yangu," alikuwa akimwambia bibi yangu. "Siku anafika, tutatia sinyatire nayo kanisani."

Mkewe alikuwa bado kambini. Walikuwa wameoana kimila tu, vita vikawatenganisha. Jirani alipenda kusema subira huvuta heri, na bibi, ambaye hakuwa mtu wa kumwachia mwenzake neno la mwisho, alimjibu kwamba ngojangoja huumiza matumbo. Kisha akamjazia sahani ya maharage ya nazi. Kwa hilo nilimpenda sana bibi.

Baridi ilipoingia, jirani akaogopa wino utaganda. Bibi, mtu wa Tanga, alikuwa na dawa: ziwekwe juu ya hita ya kupashia nyumba joto, pale pale anapoweka unga wa maandazi uumuke. Unga ulikuwa unaumuka vizuri, kwa nini kalamu zisisalimike? Basi kila majira ya baridi boksi la kalamu lilihamia kwetu, likakaa juu ya hita likinukia iliki.

Hatimaye mke akafika. Siku ya ndoa tulikwenda majirani wote, bibi na baibui lake akakaa benchi la mbele. Mchungaji alipofungua kitabu, jirani akaitoa kalamu nyeusi. Haikuandika. Akaipulizia, akaisugua kiganjani. Wino ulikuwa umekauka kabisa. Jirani akasimama pale, mtu mzima, machozi yakimlengalenga, akimwomba mkewe msamaha. Nilimwonea huruma. Bibi aliinamisha kichwa. Alikwishajua hita imefanya nini.

Mkewe akaichukua ile kalamu taratibu, akaitia kwenye mkoba wake.

"Mimi nilishangoja ya kutosha," akasema. "Munipe biki yoyote."

Akatia saini, akamshikisha mumewe ile biki, akaufunika mkono wa mumewe kwa wa kwake mpaka naye akamaliza kutia saini.

Bibi sasa amelala kaburini Tanga. Jirani na mkewe walihama, na sijui boksi liliishia wapi. Ninapoishi leo milango ya majirani imefungwa. Nawajua kwa mlio wa funguo tu. Wanangu wananiuliza mambo kwa Kiingereza, nawajibu kwa Kiswahili, tunaelewana. Ila hili la kalamu sikuweza kuwaeleza kwa lugha yoyote, maana hawajawahi kumwona mtu akimngoja mwenzake namna ile.