Kilo za Maharagwe

Aki msinicheke. Chama chetu cha kina mama hapa Buruburu tuliamua kupunguza mwili, na atakayepungua zaidi kufikia Krismasi apewe mbuzi mzima. Mimi mjanja nikaona heri nianze nikiwa mzito, halafu siku ya mwisho uzito niuache nyumbani. Asubuhi ya kupimwa nikajifunga maharagwe kiunoni kwa leso, nikavaa dera juu, nikapanda mizani kwa madaha.

Mwenyekiti wetu, Mama Atieno, aliinama kusoma. Kwa woga nikavuta pumzi, na leso ikafunguka. Maharagwe yakamiminika miguuni pangu, yakabingirika hadi chini ya makochi.

Mama Atieno hakubandua macho kwenye mshale.

“Hongera, Mama Kioko,” akasema. “Hata hujashuka, na tayari unapungua.”