Mganga Aliyenipa Mchi

Jamani, mganga wa leo kanipa mchi.

Tangu nimzike binti yangu, silii wala sisikii njaa. Mganga wa Mofu alinitajia mchawi. Sista wa misheni akaniambia nisali. Wote nikawaitikia tu.

Leo wifi yangu kanipeleka Namawala, kwa Bibi Tekla.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Shika, tutwange."

Hata shida yangu hakuuliza!

Tukatwanga kwa kupokezana, kinu kimoja. Kila mara nawahi, michi inagongana.

Akasimama. "Umezoea kutwanga na nani?"

"Na Felista."

Jina la mwanangu. Sikuwa nimelitamka tangu msibani.

Hakunipa pole. Akainua mchi.

"Basi nionyeshe alivyokuwa anatwanga."

Mtasema huyo si mganga. Semeni. Mimi kesho narudi.