Aliyenipaka rangi ya mdomo ndiye aliyeolewa na mchumba wangu

Admin, jina langu lifiche mpaka Jumamosi. Baada ya Jumamosi hata ukilitaja sina neno.

Mimi ni mama wa miaka sitini na mbili, mjane, nina duka la vitenge hapa Katoro. Wadogo zangu mnaosoma ukurasa huu, shikamoo zenu nimezipokea. Sasa nisikilizeni, maana jambo hili limenikaa kooni miaka arobaini na leo nalitoa.

Katikati ya miaka ya themanini nilikuwa binti mbichi. Kwetu ni Masumbwe, baba yangu alikuwa katekista, nyumba ambayo hata mafuta ya nywele ya kunukia yaliulizwa yametoka wapi. Nilikuwa na mchumba, nitamwita Masanja, mchimbaji wa dhahabu kule Nyarugusu. Ng'ombe walishatajwa, ilibaki kupanga siku. Nikaomba ruhusa niende kwa shangazi yangu Nyarugusu nimsaidie kuuza uji. Baba alikubali kwa sababu ya shangazi. Mimi nilikwenda kwa sababu ya Masanja.

Huko nikapata rafiki, nitamwita Rejina. Yeye alizaliwa pale pale machimboni. Tulipika pamoja, tukalala kitanda kimoja, siri zangu zote za uchumba alizijua. Siku moja tukaenda Geita mjini. Bidhaa zilikuwa zimeanza kurudi madukani baada ya ile miaka ya kupanga foleni ya sabuni. Kwenye duka la dawa, pembeni ya chupa za kikohozi, walikuwa wanauza rangi nyekundu ya mdomo ya bei ya chini kabisa, kijiti chembamba kama kidole cha mtoto. Rangi ya mashavu ilikuwepo pia, ila ile ilikuwa ya wake za wakubwa. Rejina akanicheka. "Acha ushamba wewe! Hii hii moja inatosha mdomo na mashavu."

Kesho yake alinipaka mwenyewe. Alinishika kidevu, akanipaka mdomo, kisha akapitisha kidole kwenye kijiti na kunisugua mashavuni taratibu mpaka rangi ikatulia. Ilinukia mshumaa na peremende. Nikajitazama kwenye kipande cha kioo, nikajipenda. Niseme ukweli, sijawahi kujipenda vile tena. Rejina akasema, "Leo peleka uji wewe, mpaka juu duarani. Masanja akuone na wenzake wote wakuone."

Duara ni shimo la kuchimbia dhahabu. Uji kwa kawaida aliupeleka Rejina, mimi nilibaki barabarani na wateja wengine. Nikabeba ndoo kichwani nikapanda, natembea kwa madaha yote niliyojaliwa.

Sikufika hata mlangoni mwa shimo. Mzee mwenye duara alipiga ukelele, "Ng'wanike, wewe binti, simama hapo hapo! Nani kakutuma na wekundu huo?" Wachimbaji wakatupa vikombe. Masikini mimi mgeni wa machimbo, sikujua kwamba pale kitu chekundu hakisogezwi duarani, eti dhahabu inakimbia. Rejina alijua tangu anazaliwa. Baadaye ndipo nilipokumbuka kwamba kila akipeleka uji alivua kilemba chake chekundu na kukiacha jikoni.

Na shetani naye hakulala. Walikuwa wamechimba miezi minne, wiki ile ndiyo walianza kuona dhahabu. Mchana huo huo shimo likajaa maji. Wakanifuata kwa shangazi, wakaniosha uso kwa tope mbele ya watu, wakaniuliza hukukatazwa? Nikamtazama Rejina aje aniokoe. Akakunja mikono, akasema, "Nilimkataza mimi. Hakunisikia." Masanja alikuwa amesimama pale pale. Alitazama chini. Kisha akageuka, akarudi duarani na wenzake.

Baba yangu, katekista, aliletewa ujumbe apeleke mbuzi mweusi wa kusafisha duara. Alimpeleka kwa miguu yake, akarudi Masumbwe. Habari za ng'ombe zikafa. Kabla mvua hazijaisha, Rejina akaolewa na Masanja.

Nilikuja kuolewa na mtu mwema, nikazaa, nikazika. Msidhani nililala chali nikilia miaka yote hiyo. Lakini kumsamehe Rejina sikumsamehe, na Jumapili nikisali Baba Yetu, ule mstari wa kusamehe naupita kimya kimya, Mungu ananijua.

Sasa wiki iliyopita akaja binti yao dukani, mtu mzima, ana adabu kama maji. "Shikamoo mama mdogo. Mama kaniambia nikutafute. Jumamosi ya wiki ijayo wanafanya jubilei ya ndoa, miaka arobaini." Akanishika mikono yote miwili. "Mama anasema wewe ndiye uliyemkutanisha na baba. Tumekuandalia kitenge na dakika tano za kuongea. Tunaomba utueleze ilikuwaje."

Mimi ndiye niliyewakutanisha! Rejina ana uso mkavu, jamani. Nilicheka mpaka yule binti naye akacheka, maskini, hajui anacheka nini. Nikamwambia mwambie mama yako nitakuja, na nitaeleza ilivyokuwa, neno kwa neno.

Msinitumie mistari ya kusamehe, ninayo yote, mimi ni mtoto wa katekista. Na siulizi kama niseme au nisiseme, hilo nimeshaamua. Kinachoninyima usingizi ni kimoja tu. Yule binti ameniambia wajukuu kumi na mmoja watakaa mstari wa mbele, na wote wanampenda bibi yao. Nishaurini ndugu zangu: niseme wakiwa wamekaa pale, au nisubiri kwanza watoto wapelekwe kula?