Moringa ya Mutshatsha

Leo asubui nilikamata shoka, na mpaka sasa niko nasikia haya.

Mu mwisho ya wakati ya Zaïre, tata alipanda miti mbili ya moringa mu parsele yetu, kiwanja ya nyumba, kule Manika: mbegu moja ilitoka Sandoa, ingine Mutshatsha. Alitaka kujua ile gani inakomea mbio, kupanda juu, na kuleta majani mingi. Alikataza tuiguse.

Ya Sandoa ilipita nyumba.
Ya Mutshatsha ilibaki mufupi. Njo ile nilitaka kukata.

Mama akatoka.

"Wacha. Ilibaki mufupi juu mi nilikuwa naivuna kila siku. Mulikuwa na njala. Majani yake njo ilikukomesha, ukakuwa mukubwa."

"Tata alijua?"

"Alikuwa anaipima kila siku ya Mungu, kisha kanisa. Hakuniulizaka."

Kwenu, nani alionaka na akanyamaza?