Vane Niliyoiacha Wazi

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, miaka ile ya vita, nikiwa kijana wa Buyenzi mwenye mikono ya mafuta na kichwa kigumu. Nilikuwa natunza mashine ya pisine, lile bwawa la kuogelea, katika hoteli moja ndogo karibu na ziwa. Wageni walishakimbia zamani. Ila mabomba ya mji yalikuwa yamekauka wiki nzima, na familia zilizokimbia vita mtaani Kinama zililala katika shule ya jirani. Patro, mwenye hoteli, aliwaruhusu wachote maji ya pisine, wafue, waogeshe watoto. Njia ya ziwani waliiogopa. Risasi haina macho.

Asubuhi hiyo niligeuza vane, ule mkono wa kufungua na kufunga njia ya maji, nioshe mchanga wa filtri unaochuja uchafu. Ukiigeuza hivyo, pompi inavuta maji ya pisine na kuyatupa mferejini pamoja na uchafu. Ni kazi ya dakika mbili tatu, kisha unairudisha, unafunga njia ya mferejini. Katikati ya kazi umeme ukakatika. Fundi wangu, Mzee Ramadhani, alishaniambia mara mia: umeme ukikatika, rudisha vane, shusha swichi. Nami nikajiambia, pompi imelala, itamwaga nini? Saa ya sala ilikuwa inakaribia. Nikaiacha vilevile, nikanawa, nikashika njia ya msikitini, najiona mtu wa dini kweli kweli.

Umeme ulirudi jioni, kila mtu ameshajifungia kwake kwa ile amri ya kutotembea usiku. Pompi ikaamka yenyewe. Nilipofika kesho yake asubuhi, pisine ilikuwa sakafu tupu. Mama Spesi, aliyejifungua siku nne nyuma pale shuleni, alikuwa amesimama ukingoni na bidoni yake, dumu la kuchotea maji. Niliona haya, na hata sasa nikisimulia naiona.

Mzee hakunipiga. Aliuliza polepole, "We ulifunga vane?"

"Apana, mzee. Umeme haukuwako."

"Kitu kikisimama hakijafungwa, mutoto wangu. Kikisimama ndiyo saa ya kukifunga, sababu kitaamka na we hauko."

Akachukua bidoni mbili, akanipa mbili, tukashuka ziwani kwa njia ileile ya kuogopwa. Kosa lilikuwa langu, na yeye alikuwa na watoto sita nyumbani. Tulienda mara nne, roho mkononi. Tuliporudi mara ya mwisho, Mama Spesi alinivutia kigoda.

"Kaa upumue kwanza," alisema. "Mutoto ameoga. Na we umerudi muzima."

Angenitukana ningepona haraka. Huruma yake ilinitoa machozi mbele za watu.

Wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu lilipona, mwanangu, ila karibu nivunje la mwenzangu. Kwa hiyo nisikilize. Iko siku ugomvi wa nyumbani kwako utanyamaza bila kwisha. Mke atakaa kimya, ndugu ataacha kupiga hodi, nawe utasema yamepita. Hayajapita, umeme tu umekatika. Inuka wakati huo huo wa kimya, uombe radhi, ufunge kwa mkono wako mwenyewe. Mji wetu huu ulinyamaza mara ngapi, tukadhani ni amani?

Mungu akupe nyumba yenye maji na watu wa kukuvutia kigoda ukikosea. Na akuepushe, mwanangu, na siku ya kumtazama mzee mwenye watoto sita akibeba kosa lako mbele ya risasi.