Jina la Faili Lililomwaga Chai

Wenzake kwenye duka la uchapaji walimwita Mkato, kwa sababu hakuna kazi aliyopewa bila kuitafutia njia ya mkato. Wateja walituma kadi zao kwa barua pepe, naye alizifungua moja moja, anahifadhi, anachapa, mpaka mgongo unamuuma. Alipochoka akaandika programu yake mwenyewe. Barua ikiingia, programu inachomoa kiambatisho, inalichukua jina la faili na kuiamuru kompyuta iichape faili hiyo. Yeye yuko pembeni, mguu juu ya mguu.

Jumapili moja, mezani kwa wakwe, alijisifu mpaka chakula kikapoa. Mdogo wa mkewe, ambaye kazi yake ni kulinda kompyuta za kampuni ya bima, alimsikiliza huku akitafuna taratibu.

"Shem, hilo jina la faili unalipeleka kwenye sheli lilivyo?" Sheli, kwa lugha ya mafundi, ni ile sehemu ya kompyuta inayosoma amri zilizoandikwa na kuzitekeleza.

"Lilivyo. Mimi nani nibadilishe majina ya watu?"

"Na mtu akichomeka amri ndani ya jina?"

"Nani ana muda huo? Nijaribu basi, shem."

Kesho yake asubuhi Madam, mwenye duka, alikuwa amekaa kwenye kompyuta ile ile akikagua oda, kikombe cha chai kimetulia mbele ya kasha la kompyuta, pale inapotokea trei ya CD. Barua ya shemeji ikaingia. Faili iliitwa "kadi.pdf; eject". Sheli ikasoma mpaka kwenye nuktamkato, ambayo kwake ni mwisho wa amri moja, ikachapa kadi, kisha ikaona kumbe kuna amri ya pili: toa trei. Trei ikatoka kwa adabu zake zote, ikakisukuma kikombe, na chai ikaishia mapajani mwa Madam. Bahati nzuri, ilikuwa imeshapoa.

"Mkato," alisema Madam, kwa sauti ya chini iliyokuwa mbaya kuliko kelele. "Nani kaiagiza hii mashine inimwagie chai?"

"Ni sheli, Madam."

"Sheli? Siku hizi tunauza mafuta?"

Masikio ya Mkato yaliwaka kwa aibu. Alipompigia shemeji, akajibiwa, "Ni nuktamkato tu, shem. Alama ya ukoo wenu."

Mkato akaipiga marufuku, pamoja na kila alama aliyoitilia shaka. Haikufika mchana bibi harusi mmoja akaja juu: faili yake, "Bwana & Bibi", imekataliwa.

"Yaani hata kompyuta inaipinga hii ndoa?"

Akaondoa marufuku, akabuni ujanja mwingine: kila jina alifunge kwa kialama hiki (') mwanzoni na kingine kama hicho mwishoni, lilale humo salama kama mtoto ndani ya chandarua. Mambo yakaenda vizuri mpaka mfugaji mmoja alipotuma bango lake, "ng'ombe wanauzwa". Kile kialama cha katikati sheli ikadhani ndicho cha kufungia. Ng'ombe akakatika vipande viwili, na mashine ikagoma kabisa.

Shemeji alicheka mpaka akakohoa. "Acha kuziba ziba, shem. Usipitie kwenye sheli hata kidogo. Iite programu ya kuchapa moja kwa moja, uikabidhi faili mkononi. Tena faili ihifadhi kwa namba unayoitunga wewe. Jina la mteja libaki maandishi ya kusoma tu."

Safari hii Mkato alikaa kitako na kuifanya kazi kwa njia ndefu, akinung'unika. Alipomaliza akamwambia shemeji ajaribu tena. Jina la faili iliyokuja lilikuwa na kila uchafu wa kibodi. Mashine haikushtuka. Printa ikanguruma, ikatoa karatasi moja, Mkato akaidaka akitafuta kosa.

Ilikuwa kadi ya mwaliko wa harusi: shemeji mwenyewe, na mwanamume ambaye Mkato hajawahi kumsikia.

Akampigia mkewe. "Mdogo wako anaolewa?"

"Umejuaje?"

"Imechapika hapa."

Mkewe akacheka. "Tulipanga uambiwe mwisho, mume wangu. Siri kwako haikai."

Mkato aliitazama ile kadi kwa furaha. Kisha akaongeza karatasi kwenye printa, maana aliona wazi kwamba oda hiyo ataichapa bure.