Pasi Arobaini na Moja

Jumamosi, tarehe 22 ya mwezi wa kumi na moja. Mvua ilianza kabla ya alfajiri ikakatika saa tatu, halafu jua likatoka kali, njia za mtaa wetu wa Buyenzi zikawa zinafuka mvuke. Milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, ilionekana karibu kama ukuta wa jirani. Baada ya mvua huwa hivyo.

Kesho ni mechi, Burundi na Kongo. Niseme mapema ili mtu asidanganyike: si mechi ya uwanjani. Ni ya gemu, kwenye televisheni, inachezwa na watu wawili waliokaa kwenye benchi, kila mmoja ameshika maneti, kile kidude chenye vitufe. Lakini mtaani kwetu mechi ya hivyo inazungumzwa wiki nzima, na Jumamosi alasiri panakuwa na utambulisho. Timu zinaoneshwa mchezaji mmoja mmoja, na mtu anasimama na kipaza sauti kidogo kueleza nani ana nguvu wapi, nani wa kuogopwa. Safari hii mtu huyo nilikuwa mimi. Na si kuongea tu. Wachezaji wote nilikuwa nimewapima mimi.

Gemu tuliyo nayo ni ya zamani kidogo. Burundi haimo, Kongo haimo. Kwa hiyo timu zinatengenezwa kwa mkono: unachukua timu ya nchi ambayo hapa hakuna anayeishangilia, unaivua majina, unaivalisha jezi zako, halafu kila mchezaji unampa namba mpaka tisini na tisa. Namba ya mbio, ya pasi, ya shuti, ya nguvu. Burundi aliitengeneza mwenye chumba cha gemu, kijana wa Kanyosha anayelala humo humo kulinda televisheni zake. Kongo aliitengeneza kinyozi wa mlango wa pili, ambaye baba yake alivuka kutoka Uvira zamani. Hao wawili ndio wanaocheza.

Mechi iliyotangulia, kila mmoja aliwapa watu wake tisini na tisa kila mahali. Kipa wa Kongo akawa anaruka kama kunguru. Mabeki wa Burundi wakawa hawaanguki hata wakigongwa na wawili. Ikaisha bila bao, watu wakagombana, na mkubwa wa mtaa akaja kuuliza kama chumba kinataka kufungwa. Ndipo wakakubaliana atafutwe mtu mmoja awapime wote. Kinyozi ndiye aliyenitaja.

"Huyu anapima mchele kule Rohero," alisema. "Na mpaka leo sijasikia mutu amelia juu ya mizani yake."

Sijui kama mchele na mguu wa mtu vinapimika kwa njia moja. Mimi shule niliiachia darasa la sita, na mpira sikuucheza vya kutosha. Nilikubali kwa sababu neno la kukataa halikuja haraka.

Wachezaji wa kweli hawakunisumbua sana. Wanaonekana kwenye televisheni, watu wanawajua, ukisema huyu ana mbio themanini hakuna anayekurukia. Kazi ilikuwa kwenye nafasi ya mtaa. Ni desturi ya chumba kile: kila timu inampa nafasi moja mtu wa hapa hapa, anatengenezwa kwa sura yake na umbo lake. Kongo walimweka kinyozi mwenyewe, beki wa kulia. Burundi walimweka baba mkwe wangu.

Baba mkwe ni fundi cherehani. Ujanani alikuwa winga wa kulia, na aliwahi kuitwa timu ya taifa, mara moja tu. Alivaa jezi, akasimama wimbo wa taifa ukiimbwa, halafu akakaa benchi dakika zote tisini. Kocha alimwambia apashe misuli mara mbili, na mara mbili akamrudisha kukaa. Hakuitwa tena. Haya hayasemi kwa uchungu, anayasema kama mtu anayeeleza kwa nini suruali imekuwa fupi. Lakini tangu aambiwe amewekwa kwenye timu ya gemu, aliwaambia mafundi wote wa safu yake, na Ijumaa baada ya swala aliwaambia waliokuwa wanavaa viatu.

"Safari hii naanza," alisema. "Si benchi. Naanza."

Mimi sikuwahi kumwona akicheza. Na hata ningemwona, yule ni baba mkwe. Kwetu baba mkwe humpingi mbele za watu, na chakula chake husemi kama kina chumvi au hakina. Kumwekea namba ni jambo ambalo desturi haikuliwaza, lakini nadhani kama ingeliwaza, ingelikataa.

Mke wangu alilitazama hivyo hivyo. Ilikuwa Alhamisi, anachambua maharage.

"Utamupima baba yangu? Kama gunia?"

"Nawapima wote."

"Basi mupe tisini kila mahali uache. Dunia itaanguka?"

"Kinyozi atasema nimependelea."

"Kinyozi anakupikia?"

 Mke wangu alikuwa na haki yake, na kinyozi alikuwa na yake.

Nikaona nitafute shahidi. Yupo mzee mmoja fundi wa magari ambaye zamani alikuwa beki wa kushoto wa timu pinzani, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kumzuia baba mkwe. Nilimkuta amelala chini ya gari, miguu tu nje. Nilieleza shida yangu nikiiambia ile miguu.

"Mbio?" alisema huko chini. "Weka zote ulizo nazo. Wallahi, mi nilimujua kwa mgongo tu. Uso wake niliuona siku ya harusi yake."

"Na shuti?"

"Kali. Aliwahi kuvunja kibao cha dawa mukononi mwa muchuuzi aliyesimama nje ya uwanja."

"Na pasi?"

Alitoka chini ya gari kwanza ndipo akajibu. Nadhani alitaka kunitazama.

"Pasi? We mukwe wake, umekula naye. Ushawahi kumuomba chumvi akakupasia? Ule mupira ukifika kwake ni mali yake. Wenzake walikuwa wanamulilia, toa, toa! Hatoi. Ningekuwa mi kocha, na mi ningemuacha benchi."

Nilimuuliza mara mbili, kwa maneno tofauti, kama nifanyavyo mteja akisema gunia halikujaa. Jibu likawa lile lile. Leo asubuhi, mvua ilipokatika, nikaenda chumbani nikaingiza namba. Mbio tisini na tatu. Shuti themanini na tano. Pasi arobaini na moja.

Mashine ina hesabu yake ya kujumlisha, mimi siijui inakwendaje. Nilichoona ni kwamba jina lake lilitoka kwenye kikosi likashuka chini, kwa wale wa akiba, na kijana mwingine akapanda.

"Eh, mukubwa," mwenye chumba alisema. "Imemuweka benchi."

"Nawe utamwacha huko?"

"Mi nataka kushinda. Winga asiyetoa pasi, kinyozi atamufunga kona moja kama mbuzi. Sasa, uki... ukimuongeza kidogo, tuseme hamusini, anarudi mwenyewe. Hamusini si kitu. Nani atajua?"

Nilishika maneti muda mrefu. Jambo lililonisumbua halikuwa hamsini. Nilijiuliza kama ile arobaini na moja ilikuwa ya haki au ilikuwa ya woga. Mtu anaweza kumpunja ndugu yake ili watu wamsifu kwamba hapendelei, na huo nao ni wizi. Sikuwa na hakika. Hata sasa ninapoandika sina hakika.

Nikatafuta njia ya kujijaribu, nikafungua namba za kinyozi. Pasi, hamsini na nane. Nilimpa lini? Juzi. Kwa ushahidi wa nani? Hakuna. Nilimpa kwa sababu ananinyoa, na kwa sababu ni wa upande wa pili nikaona aibu kumbana. Huyu nimemwona kwa macho yangu Jumapili nyingi, akipiga pasi zinazotoka nje na kuingia mferejini. Kumbe mizani yangu ilikuwa na jiwe chini, ila si upande nilioudhania.

Nilimwita kinyozi, mbele ya mwenye chumba, nikamshusha mpaka arobaini na nne.

"Mi nimekosa nini?" alisema, mashine ya kunyolea ingali mkononi. "Mi ndiye niliyekuita!"

"Ndiyo. Kwa hilo nakushukuru."

"Kinyozi anashukuriwa hivi? Haya. Wiki ijayo utaona kichwa chako."

Lakini yeye alibaki kikosini, kwa sababu nyuma yake Kongo hawakuwa na beki mwingine wa kulia. Hapo namba zilikuwa za haki lakini matokeo hayakuwa ya haki. Nililiona, na sikujua la kulifanyia. Namba ya baba mkwe nikaiacha.

Alasiri chumba kilijaa, wengine wakachungulia dirishani. Baba mkwe alikaa mstari wa mbele, kanzu imepigwa pasi, mafundi wenzake watatu pembeni yake. Fundi wa magari alikuja naye akakaa nyuma kabisa. Nikashika kipaza sauti. Nilisema Kongo ina viungo wazito, watashika katikati, na mtu asiseme ni bahati wakishika. Nilisema Burundi ni wepesi pembeni, wakipata nafasi nyuma ya mabeki ni hatari, lakini kipa wetu mipira ya juu anaiogopa. Mmoja akapiga kelele, "We ni wa nani, wewe?" Watu wakacheka. Nilisema kinyozi anapenda kuanza polepole na kubadilika baada ya mapumziko, na mwenye chumba anacheza vizuri akiwa nyuma kuliko akiwa mbele. Wote wawili walitikisa kichwa, kwa hiyo huenda nilikosea kote.

Halafu kikosi cha Burundi kikaoneshwa, na jina lake halikuwamo. Likaja peke yake, chini, pamoja na namba.

Kelele zikapungua. Baba mkwe aliinuka, akachomoa miwani ya kushonea akaivaa, akaenda mpaka karibu na televisheni.

"Mbio tisini na tatu," alisoma. "Sawa. Pasi..." Akasogeza uso kwenye kioo. "Nani ameweka hii?"

Watu wote walijua. Wakaangalia chini.

"Ni mi, baba."

"Kwa shahidi gani?"

Kabla sijasema, sauti ikatoka nyuma. "Kwa mi! Na nilimuambia aweke salasini, ni yeye amekuongezea!"

Hiyo haikuwa kweli, lakini nilielewa: alitaka lawama zimwangukie yeye, si mimi. Watu walicheka, na mmoja wa mafundi wenzake ndiye aliyecheka zaidi. Baba mkwe hakucheka. Alimgeukia mwenye chumba.

"Kwa hiyo kesho mi nakaa."

"Kipindi cha pili, muzee," mwenye chumba alisema haraka. "Mabeki wa Kongo wakichoka. Dakika ya sitini nakuingiza, na hizo mbio, kinyozi ataita mama yake."

"Na yule kocha alisema hivyo hivyo."

 Nje pikipiki ilipita, ikapiga honi. Baba mkwe alivua miwani akaikunja, na alipoongea hakunitazama mimi, alitazama televisheni.

"Yule kocha hakuwa na mutu wa kumukumbusha. Huyu mukwe wangu kesho atakaa kando ya mwenye chumba. Dakika ya sitini ikifika atasema. Hata kama tunashinda, atasema. Kama amenipima hivi mbele ya watu, basi na saa anaweza kuipima."

"Nitasema, baba," nilisema.

Akatoka, na mafundi wake nyuma. Sikujua kama amenisamehe au amenipa adhabu. Nikamalizia utambulisho, nikataja saa ya kuanza.

Nyumbani mke wangu alikuwa ameshasikia. Habari ilifika kabla yangu.

"Na yule kijana akikataa kumuingiza?" aliuliza. "Tuseme wako wanashinda, hataki kubadilisha?"

"Nitamwambia."

"Nimeuliza akikataa."

Nilifikiri. Maneti yatakuwa mkononi mwake, si mwangu. Nilimwambia kwamba sijui, ila sitaondoka pale kwenye benchi mpaka nimwone baba yake ameingia. Akarudi kwenye moto.

Tulikula ugali wa muhogo, vidagaa vya ndagala vya kukaanga na mchicha wa lengalenga. Sahani ya baba mkwe tuliifunika kwa nyingine, tukampelekea kwake ingali moto.